Kiti cha Dhahabu Kimemmeza Nyanya

Wacha nianze na kile kiti. Unakijua. Kimepakwa rangi ya dhahabu, mgongo wake umepanda kama mnara wa kanisa, kina nakshi za maua pembeni na ngozi bandia nyeupe yenye vifungo vinavyong'aa. Kilianza kwa harusi, kikahamia kwa besidei, ubatizo na gradusheni, na sasa kimeingia studio za picha, kuanzia Voi hadi Wundanyi. Anakikalia bwana harusi. Anakikalia mtoto wa miezi sita. Anakikalia mtu anayetaka udiwani. Mimi nasema kitolewe studio. Kirudi kwa wenye mahema na kikae huko huko.

Utasema ni wivu. Ngoja kwanza.

Binamu yangu ana studio hapa Bura, chumba kimoja cha kupanga, futi kumi kwa kumi na mbili, dirisha moja. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake hakuna mwingine wa kunitegemeza. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, nikarudi nyumbani, na siku ambazo hakuna mtu anayetaka makala yangu (ni nyingi) namshikia binamu taa. Kwa hivyo nilikuwepo.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nyanya yetu aliteremka kutoka mlimani akiwa na leso mpya na shauri moja. Alitaka picha. Si ya kitambulisho, si ya simu. "Nataka ile ya kuwekwa mbele," alisema, na yeyote aliyewahi kuhudhuria mazishi kwetu anajua ni ipi. Nyanya amezika dada zake wawili. Picha ya mmoja ilikatwa kutoka kwa picha ya harusi ya watu wengine, na begani kwake kuna mkono usio na mwenyewe. Ya wa pili ilivutwa kutoka kwa kitambulisho mpaka uso ukawa kama ukungu. Watu walipita mbele ya jeneza wakiulizana kwa sauti ya chini kama ni yeye. Nyanya aliona hayo yote na hakusema kitu. Akaweka pesa kidogo kidogo, akaja.

Sisi, kwa ujanja wetu, tukamkodishia kile kiti. Elfu moja mia tano kwa siku. Binamu alisema mteja wa heshima apewe kiti cha heshima, na mimi niliyesoma kidogo nikaitikia kwa kichwa.

Nyanya ni mfupi, na amelima miteremko ya Taita maisha yake yote, kwa hivyo mgongo umeinama mbele kidogo. Alipokaa, miguu ilining'inia. Ile ngozi bandia inateleza, ikamvuta nyuma, akashika mikono ya kiti asianguke. Mgongo wa kiti ukampita kichwa karibu futi mbili. Nakshi zikachomoza nyuma ya masikio kama pembe. Tulipiga picha thelathini hivi, tukamwonyesha kwa skrini.

Aliangalia kwa muda mrefu.

"Kiti kimetoka vizuri," akasema.

"Na wewe, nyanya?"

"Mimi bado sijajiona."

Hakulipa, na hatukudai. Alikunja leso yake akapanda matatu ya Wundanyi. Usiku huo binamu yangu na mimi tulikaa juu ya ndoo mbili tukikitazama kile kiti, na nadhani ndipo nilipoanza kukichukia rasmi.

Kuna jambo ambalo wapiga picha wetu hawaliongelei kwa sababu wako bize kuongelea lenzi. Kiti ni kifaa kama kamera. Kinafanya kazi kwenye mwili kabla wewe hujabonyeza chochote. Mtu akikaa mahali parefu kuliko mguu wake, nyayo hazitui, uzito unahamia mapajani, mabega yanapanda kutafuta pa kushikilia, shingo inapotea. Mkalishe kwenye sofa laini, nyonga zinazama, magoti yanapanda, nguo inajikusanya tumboni, na mwanamke aliyetengeneza nywele kwa saa nne anaonekana kama amechoka. Lakini mpe kiti kigumu, bapa, chenye urefu wa kutoka kisigino chake hadi nyuma ya goti, nyayo zitatua chini na mgongo utajinyoosha wenyewe. Hutahitaji kumwambia "kaa wima, tabasamu". Hata meza ya kuegemea ina hesabu yake. Ikiwa juu ya kiwiko, bega linapanda kama la mtu anayesikia baridi. Ikishuka inchi moja au mbili chini, bega linalala na uso unalegea.

Kwa hivyo ukinunua kiti kimoja na kuwakalisha watu wote wa lokesheni nzima humo, umeamua kwamba mwili mmoja ndio sahihi, na wengine wajipange. Kile cha dhahabu kimetengenezewa mtu wa futi sita mwenye tumbo na gari. Mtu huyo yuko, simkatai. Ila si nyanya yangu.

Na hii maneno ya kiti si ndogo kwetu. Tafuta picha za enzi ya mkoloni, zile za mbele ya ofisi ya DC. Kuna mtu mmoja au wawili kwenye viti. Wengine wamesimama nyuma, na wengine wameketi chini udongoni. Hakuna anayehitaji maelezo chini ya picha ili ajue nani ni nani. Sasa sisi tumepata uhuru wa kukaa, na badala ya kujiuliza tunataka kukaa vipi, tumeenda kutafuta kiti kikubwa kuliko cha DC. Sawa. Lakini ukikaa humo na miguu inaelea, bado kiti ndicho bwana.

Kuna kisa kingine kinachonikera zaidi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara za kusafisha picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Watu wa kazi waliziita "Shirley", jina la mmoja wa wanawake wa kwanza kupigwa picha za kadi hizo. Ngozi yake ikitoka sawa, basi rangi zote zimehesabiwa ziko sawa. Watu weusi walitoka kama vivuli vyenye meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliwahoji watu waliofanya kazi Kodak, akachapisha makala mwaka 2009. Alichoambiwa ni kwamba msukumo wa kurekebisha rangi za kahawia kwenye filamu ulitoka kwa kampuni za chokoleti na za samani za mbao, zilizolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Soma tena hapo. Meza ilikuwa na mtu wa kuitetea. Sisi tulinufaika kwa sababu tunafanana na meza.

Hadithi hiyo haijaisha, imebadilisha nguo tu. Nenda studio yoyote ya mjini ujionee ukuta mweupe pee. Kamera ya kujiendesha ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi unazama. Halafu mpiga picha anafungua programu kwa simu na kumpaka mteja weupe ambao hakuja nao. Mteja anafurahi nusu. Sisi tulishona pazia letu kwa marekani, kile kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu walikijua hata kabla ya reli, tukalipaka rangi ya maji tuliyoichanganya mpaka ikakaribia udongo wa Bura baada ya mvua. Linaning'inia kwenye mti wa mkonge, ule mrefu unaochomoza katikati mmea unapokaribia kufa. Ukikauka ni mwepesi kiasi kwamba mtoto anaubeba. Mwatate kuna shamba la mkonge usiloona mwisho wake, kwa hivyo usiniambie vifaa viko Nairobi.

Maana hiyo ndiyo niliyoambiwa. Niliwahi kuhudhuria warsha moja ya upigaji picha huko Nairobi, nikiwa bado mwanafunzi na bado nikiamini mtu yeyote aliye na maikrofoni. Jamaa alisema bila laki tatu huna studio, una hobi. Tukaandika kwenye daftari. Nikaandika mimi pia, laki tatu, nikapigia mstari mara mbili, na kwa miaka miwili nikamwambia binamu yangu kwamba asubiri.

Seydou Keïta hakusubiri. Alifungua studio Bamako mwaka 1948, karibu na stesheni ya treni, na picha zake leo ziko kwenye makumbusho ambayo yule jamaa wa warsha angependa kupigia selfi. Kabla ya kuishi kwa kamera Keïta alikuwa fundi seremala. Alijifunza mbao nyumbani. Pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Alikuwa akibadilisha pazia kila baada ya miaka michache, na baadaye pazia hizo ndizo zilizomsaidia kukumbuka picha ipi ni ya mwaka gani. Kifaa cha nyumbani kikawa kalenda. Halafu kuna Irving Penn wa New York, huyo hakukosa pesa hata kidogo. Mwaka 1948 huo huo alisukuma mbao mbili za jukwaani zikakutana kwa pembe nyembamba, akawaambia watu mashuhuri wasimame humo kwenye kona. Akina Truman Capote na Joe Louis, bondia yule. Mbao mbili na zulia kuukuu. Mtu akibanwa na kona hana pa kuficha mikono, na hapo ndipo uso unaanza kusema.

Na tusiende mbali, hapa chini tu Likoni. Miaka ya 1990 wapiga picha wa ferini walijijengea vibanda vya mbao kando ya njia ya abiria, wakavipamba kwa maua ya plastiki na pazia zilizochorwa meli na ndege, na mtu aliyetoka bara kutafuta kazi Mombasa akapigwa picha akiwa kama msafiri wa ng'ambo, akaituma nyumbani. Fujo za Agosti 1997 ziliwatawanya watu wengi wa bara kutoka Likoni, wapiga picha na wateja wao. Nataja hilo makusudi. Vile vibanda havikuwa mapambo. Vilikuwa mahali ambapo mtu anayeitwa mgeni alionekana kama mwenye safari.

Sasa, kabla hujanipigia makofi, kuna watu ninaotaka kuwafukuza kwenye upande wangu. Ni wale wanaokuja na kamera ghali kupiga picha ya studio yetu, si ndani ya studio yetu. Wanapenda ndoo. Wanapenda mti wa mkonge. Wanasema "ubunifu wa mtaani", wanasema "jua kali" kwa lafudhi ya sifa, halafu wanauliza kama tunaweza kuacha ukuta vile ulivyo, na nyufa zake. Hapana bana. Tunaziba nyufa. Sisi hatutengenezi samani zetu kwa sababu umaskini unapendeza. Tunazitengeneza kwa sababu tumepima. Tukipata hizo laki tatu kesho tutanunua taa nzuri na bado tutampelekea fundi mbao.

Fundi wetu ana kibanda Mwatate, kando ya barabara ya Taveta. Kazi yake kubwa ni vitanda na majeneza. Nilipomweleza tunachotaka alicheka, halafu akasema kitu ambacho hakuna warsha iliyowahi kuniambia: "Kijana, mafundi wa viti wanapima kiti. Sisi wa majeneza tunapima mtu."

Kitu cha kwanza kutengeneza ni masanduku. Watu wa filamu Marekani wana vipimo vyao vya zamani, inchi 20 kwa 12 kwa 8, na sioni sababu ya kuvibadilisha. Ukililaza sanduku, una inchi 8. Ukiliweka ubavu, 12. Ukilisimamisha, 20. Sanduku moja, urefu tatu, na bado hujanunua stuli. Kuna la nusu lenye kimo cha inchi 4 na la robo lenye inchi 2, na kwa kuyapandanisha unampata kila mtu, kuanzia mtoto wa nasari hadi yule jamaa wa polisi wa futi sita na nusu. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne inatoa makubwa matatu na la nusu moja, na vipande vya kubaki. Toboa tundu la mkono kila upande mfupi. Usipake rangi ya kung'aa, itashika mwanga wa flashi na utajuta.

Na tumia gundi na skrubu. Hapa naongea kama mkosaji. Masanduku ya kwanza tulijipigia wenyewe kwa misumari, binamu na mimi, kwa sababu fundi alikuwa na oda ya jeneza na sisi tulikuwa na haraka. Msumari unashika vizuri siku ya kwanza. Lakini sanduku la studio linakaliwa, linasukumwa, linakaliwa tena, na kila mara msumari unalegea kidogo bila kukuambia. Mpambe wa bwana harusi mmoja alikalia la tatu, likafunguka kama ua, suruali ikapasuka kutoka hapa hadi hapa. Tulirudisha pesa, tukalipa suruali. Binamu hakuniongelesha siku mbili. Na vitu vinavyosimama juu ya vichwa vya watu, kama stendi za taa, hatujengi. Tunanunua, na miguuni tunaweka mguu wa jinzi kuukuu uliojazwa mchanga na kushonwa, maana upepo wa Bura jioni hauna adabu na mlango wetu haufungi vizuri.

Nimesema kiti kitolewe, na ni haki niseme pia nani amenijibu. Mwezi wa Novemba alikuja msichana wa kwetu, wa kwanza kwao kupata digrii. Alikuja na joho, kofia, na mama yake. Akauliza kiti cha dhahabu kiko wapi. Nikaanza mahubiri yangu: visigino, magoti, mkoloni. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mimi nimekaa kwa kigoda miaka ishirini na mbili. Leo nataka hicho." Wakaenda Voi.

Hilo liliniuma, na si kwa sababu ya pesa peke yake. Nani mimi, niliyeacha digrii njiani, wa kumwambia mwenye digrii akae wapi? Nililifikiria sana. Jibu nililo nalo ni nusu. Hakukosea kutaka kitu kikubwa. Wale wa Likoni waliuza ndoto pia, tena ndoto ya ndege kwa mtu asiye na nauli ya basi. Ila ndoto ile waliipigilia wenyewe, kwa mikono yao, wakimwangalia mtu anayeitaka. Sisi yule dada tulikuwa na nini cha kumpa? Sanduku la kijivu na hotuba. Alitaka heshima, na kitu pekee kinachouzwa kwa jina hilo barabara nzima ni kile kiti. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo fundi ana mchoro wa kiti kikubwa cha mgrevilea, chenye mgongo mpana unaoishia mabegani ili usitoe watu pembe, na ubao wa chini wa miguu unaopanda na kushuka. Ni kiti cha mtu aliyefika. Bado hatujapata pesa ya mbao. (Mbao za kweli. Mbao ile ya shilingi ishirini tunayo.)

Nyanya alirudi Januari. Hatukumwita, alisikia tu kwamba kiti kimeondoka. Fundi alikuwepo siku hiyo, alikuwa ameleta masanduku, akapiga goti na kumpima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Inchi 14.

"Hapo inatosha," nyanya akamwambia, akiitazama ile tepu. "Usiendelee juu."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Tuliweka sanduku kubwa ubavu, la robo juu yake, leso iliyokunjwa mara nne, na meza ndogo upande wa kushoto, inchi moja chini ya kiwiko. Dirisha likawa taa. Nyanya alikaa, nyayo zikatua, na ule mgongo ulioinama ukapanda mpaka pale unapofika, ambapo si wima, lakini ni pake. Alitutazama kama anavyowatazama watu wanaochelewa shambani. Binamu alipiga picha nne tu.

Picha iko chini ya godoro lake, ndani ya bahasha ya kaki, na ameonya kwamba atakayeichapisha popote kabla ya wakati atalaaniwa, kwa hivyo hutaiona hapa. Alilipa pesa zote. Halafu akasema lile sanduku linamfaa jikoni, goti halimuumi akilikalia, akalibeba pamoja na leso yake. Tulimfuata hadi stendi tukimweleza kwamba ni kifaa cha kazi. Makanga alilipokea akalifunga juu ya matatu. Sasa tuna makubwa mawili, la nusu, na robo iliyobaki peke yake, na fundi anasema karatasi ya plaiwudi imepanda bei tena.